Maji ya Mvua

Si kuvu, wala si mwani,
ila jina lake limekopa kwa wote wawili
na halijalipa.
Kuvumwani: kijani kisicho na mzizi wa kujisifia,
kisichotoa ua, kisichodai udongo,
kinachokunywa kwa mwili mzima
na kiu ikizidi kinajikunja, kinangoja.

Wuppertal, Ujerumani,
ambako treni huning'inia chini ya reli, juu ya mto,
kama popo aliyechelewa kazini,
mzee Ewald Kottsieper alikwangua kuvumwani
miaka thelathini na mmoja.
Brashi ya waya, ndoo, siki, goti juu ya kigae.
Wenye nyumba walimlipa kwa mita.
"Paa safi," alisema, "ni shavu lililonyolewa,"
na jioni kucha zake zilikuwa za kijani
hata mkewe akamtengea taulo yake peke yake.

Sasa binti yake, Birte, analipwa na manispaa
kuibandika kuvumwani ileile
juu ya mapaa ya vituo vya basi.
Vituo kumi na vinne. Mikeka ya kijani, gundi, vibali,
na bango lenye tone la maji linalocheka:
itakunywa mvua kabla mtaro haujafurika,
itanasa vumbi la magurudumu,
itapoza bati wakati wa jua.
Baba mtu alisoma bango mpaka mwisho,
akauliza swali moja:
"Na mimi je, ujana wangu niuombe radhi?"
Hakujibiwa. Basi lilikuwa limefika.

Julai ikaja bila wingu.
Mikeka ikageuka rangi ya chai iliyolala,
kisha rangi ya kadibodi.
Birte alipanda ngazi kila alfajiri na mpira wa maji,
akamwagilia, akamwagilia,
na kadiri alivyoinywesha ndivyo ilivyokufa,
ncha zikiota weupe kama tumbo la birika kuukuu.
Gazeti likaandika: Zulia Ghali.
Diwani mmoja akauliza, kwa upole unaouma,
kama plastiki isingetosha.

Jumapili usiku mzee akaja bila kuitwa,
yeye na tochi na magoti yake mabovu,
akapanda ngazi,
akang'oa kipande, akakilamba.
Ndiyo, alikilamba.
"Chokaa," akasema. "Unaipa maji ya bomba.
Siki ilipopanda bei, chokaa ndiyo niliyotumia.
Inaua polepole, lakini inaua.
Halafu paa hili linatazama kusini.
Nani alikwambia inapenda jua?
Miaka yote ile niliikuta kaskazini,
nyuma ya dohani, pale mfereji unapovuja."
Umjue mtu kiasi hicho,
mpaka anapolala na anachokunywa,
halafu umwite adui?
Hilo hakulisema. Nimeliongeza mimi,
kwa kuwa alinyamaza mahali ambapo lingeenea.

Septemba waliweka mapipa chini ya mifereji.
Wakahamishia kaskazini mikeka waliyoweza,
ambayo haikuwa mingi.
Mitatu haikuamka.
Wa nne ulikaa kama maiti hadi mvua ilipoanza,
ile mvua ya Wuppertal isiyo na haraka wala haya,
na katika muda wa kungoja basi moja
ukakunjuka, nywele kwa nywele,
kijani kikirudi kama mtu anayekumbuka jina.
Chini yake mwanamke mwenye mfuko wa viazi
alinyoosha kiganja nje ya kituo,
akashangaa: mbona mtaani kunanyesha
na ukingo wa paa haudondoki?

Paa la nyumba yake Ewald bado analikwangua.
Mazoea yana mizigo yake.
Ila sasa anatumia kisu cha siagi,
na anachokibandua hakitupi:
anakilaza ndani ya boksi la viatu,
juu ya gazeti lililolowa,
na kwenye kifuniko anaandika kwa penseli,
herufi kubwa, kwa ajili ya Birte:
KASKAZINI. HAI.