Tawi la Nne

Kipupwe kimeshika Newala.
Alfajiri ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma
ukaja kukaa nasi kibarazani kama mgeni asiyebisha hodi,
na simu yangu, nikisogea hatua tatu upande wa choo,
hunikaribisha Msumbiji.

Wenzangu wako likizo.
Mimi nina Takwimu, somo lililonishika mguu mwezi wa pili,
sasa nalilipia upya, wiki sita, mtandaoni,
saa mbili kamili asubuhi, kamera si lazima.

Nimekizunguka kijiji na simu mkononi.
Jikoni, hakuna kitu.
Msikitini, kijiti kimoja, nacho chasinzia.
Nyuma ya ghala la chama cha msingi, viwili,
vitatu ukipanda juu ya ule mzani mbovu.
Basi mzani wa korosho ndio darasa langu:
nakaa palipokaa magunia,
daftari magotini, kitenge cha mama mabegani,
mshale umekwama kwenye kilo kumi na tisa
kana kwamba ndiyo thamani yangu.

Mama hana ugomvi, ila anahesabu:
bando la wiki ni madumu kumi ya maji.
Hasemi zaidi ya hapo.
Anaoga kwa kopo.

"Mnanisikia?" huuliza Dokta Mwalyego,
naye yuko mahali penye feni, naisikia.
Sote thelathini na saba twaandika: ndiyo.
Kisha sauti yake huja imevunjika,
*sampu… wakilishi… bila upende…*
nami naziba matobo kwa kubahatisha
kama asomaye barua iliyonyeshewa.

Saa tano nashuka shambani.
Mama na mdogo wangu Chitanda wamekuwa manjano hadi nyusi;
mashine ya salfa imetuliwa chini, inapoa.
Mama anakagua maua. Anashika tawi, anaachia, midomo inahesabu.
Nikamuuliza, utaikagua yote, mikorosho mia na ishirini?
"Nina wazimu?
Mti mmoja kila mstari. Matawi manne.
La mawio, la machweo, la kibla,
na la kusini, lile linalojificha.
Hayo manne yakisema kuna ubwiri, basi shamba lina ubwiri."
Na ukitazama la jua peke yake?
"Utajidanganya, mwanangu.
La jua husema vizuri siku zote."

Nikasimama pale napiga chafya ya salfa,
sura ya nne nzima ya kitabu cha kozi
ikiniingia kichwani
bila bando.

Kesho yake Dokta akataka mfano.
"Yeyote. Kutoka maisha yenu."
Kimya. Watu thelathini na saba, kila mmoja kajifungia sauti.
Nikaifungua yangu.
Kwanza akaingia jogoo wa mlinzi wa ghala,
zikafuata mashine za kupulizia za mtaa mzima,
mtu akacheka, sijui wa mkoa gani,
halafu mimi:
"Mama yangu ana mikorosho mia na ishirini."
Nikasema. Mawio, machweo, kibla.
Nikasema la jua husema vizuri siku zote.
Nilipofika kwenye ubwiri duara likaanza kuzunguka,
uso wa Dokta ukaganda, mdomo wazi,
kama anayecheka, au anayepiga mwayo,
na ujumbe ukaingia: karibu Msumbiji.

Jioni mama ananawa manjano.
Maji ya kopo yanapita shingoni, yanadondokea beseni,
beseni litamwagiwa miche.
"Kasemaje huyo mwalimu wako?"
Sijui. Mtandao ulikata.
"Ulimtajia matawi yote?"
Nikahesabu vidole gizani. Nikahesabu tena.
Matatu, mama.
Akajifuta uso polepole kwa upindo wa kanga.
"Mrudie kesho," akasema.
"Umeisahau kusini."