Sekela Hali Ndizi

Sekela hali ndizi. Tukuyu hii!
Muuza dawa wa Mwanjelwa kamwambia:
fangasi wa tumboni wanaishi kwa sukari,
wanyime, watakufa njaa.
Basi chai chungu, hamira adui,
mbalaga anawapikia wanawe tu, akigeuza uso.

Miezi mitatu. Gauni linamzunguka,
muwasho uko palepale.

Hospitali wakampima, wakampa kidonge kimoja.
"Na ndizi, daktari?"
"Ndizi zimekukosea nini?
Aliyeshinda njaa hapa ni wewe."

Leo nimemkuta jikoni, mvua inapiga bati,
anakula mbalaga kwa mkono, kimyakimya.
Kopo la sukari lakini bado liko juu ya kabati.
Hajalisogelea,
kama jirani uliyemsingizia wizi,
ukimwona unapitia njia ya nyuma.