Mkia wa G

Profoma tatu juu ya meza ya stoo,
kila moja na muhuri wake wa buluu:
moja ya Tumbe, moja ya Wete,
na moja ya kampuni ya Chake
ambayo hata mlango wake hatuujui.
Madawati arubaini, mbao za mvinje, vanishi mikono miwili.
Sheria inataka bei tatu. Tatu hizo hapo.
"Tupitishe," akasema Mwalimu Mkuu, "Juni inatukimbia.
Ikivuka tarehe thelathini, pesa zinarudi Unguja."

Mimi nasomesha Kiswahili.
Kwenye kamati ya manunuzi nilitiwa
kwa kuwa naandika muhtasari upesi
na sina duka, wala shemeji mwenye duka.
Hesabu za kodi zinanipita kando.
Lakini miaka kumi na tisa nimesahihisha insha,
kwa umeme na bila umeme,
na ile g ya "shilingi"
niliijua kabla sijaisoma:
mkia unateremka, unasita, unajipinda kinyume
kama kikonyo cha karafuu kilichosahauliwa jamvini.
Nikafunua ya pili. G ileile.
Ya tatu: "gharama ya gari",
mbili, zikifuatana kama watoto wa mama mmoja.

Massoud Kombo. Kidato cha Pili B.
Nilimwandikia kwa wino mwekundu:
*G yako irudi mstarini.*
Haikurudi. Imeota ndevu, imefungua karakana.

Nilinyamaza kidogo, nakiri.
Maana Massoud ni fundi. Dawati lake ukilikalia halilii.
Mama alipofariki alileta mabenchi ya matangani,
kumi, kwa gari lake, hakungoja ahsante.
Na yale madawati ya mwaka juzi,
yaliyopita kila mlango wa halali,
yalifumuka kabla ya mitihani.

Kisha nikazilaza karatasi ubavu kwa ubavu
mbele ya Bi Mize Shaame, mshika fedha.
Akavaa miwani. Akavua.
"Mbona huyu anashindana na nafsi yake?"
Mwalimu Mkuu akageukia dirisha,
akawatazama watoto wakifagia kiwanja
muda mrefu kuliko kiwanja chenyewe.

Niliandika: *Zote tatu zimerejeshwa. Sababu: mwandiko.*
Nikakata, nikaweka maneno ya kikanuni, mistari minne.
Bi Mize akasoma, akasema,
"Rudisha lile la kwanza. Linaeleweka."

Usiku Massoud alipiga hodi. Hakuingia.
"Mwalimu, umenifelisha tena."
"Lete moja," nikamwambia, "yako. Wenzio waje na zao."
"Na wasipokuja?"
Sikuwa na jibu. Nikamkaribisha chai,
akasema kashakunywa.

Tangazo limebandikwa mlangoni kwa skuli,
kwa sheha, na sokoni Konde. Siku saba.
Kidato cha Kwanza wamekaa chini,
madaftari magotini, sare zimeshika vumbi la saruji.
Nazunguka baina yao, navuka miguu.
Juu ya goti mstari hautulii, herufi zinayumba,
na yupo binti mmoja, Salha, pembeni mwa mlango,
ambaye mkia wa g yake
umeanza kukimbilia kusiko.
Nimeinama.
Kalamu nyekundu nimeiacha mfukoni.
Leo ni siku ya tatu.