Tundu la Senti Kumi

Bwana Hadley aliilaza senti yangu kwenye mizani
kama mfamasia apimavyo dozi ya kichanga.
"Gramu kumi na moja," akasema, "na unywele."
Nje mvua ya Birmingham, ile isiyonyesha wala kukatika,
ilikuwa ikirowesha mtaa wa masonara.

Nilikuwa nimeitoa ndani ya soksi.
Zamani ilikaa kwenye pindo la kanga ya bibi, Nakijwa,
fundo ambalo mjukuu hakuligusa asipate kofi.
Zilikuwa mia moja na ishirini, zimetungwa kwenye katani:
shilingi kumi na mbili, kodi ya nyumba ya babu Kajiru,
nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwa miti yake mwenyewe,
kisha akaenda kuukata mkonge wa watu
siku thelathini, kadi ya kipande shingoni,
ili aruhusiwe kulala ndani yake.
Karani wa boma alihesabu vibaya.
Akasema zimetimia. Uzini imebaki moja.
Bibi hakumsahihisha.

"Tazama," Bwana Hadley akanipa kioo cha kukuzia.
Herufi moja, ndogo kama kiroboto.
"Alama ya kiwanda. Dakika nane kwa miguu kutoka mlango huu."

Basi nimepanda ndege mbili
kuirudisha senti kwao.

Niliigeuza. Taji juu ya tundu, jina la mfalme kwa Kilatini,
sura hakuna: wangeiweka wapi, patasi impitie puani?
Upande wa pili pembe zimelizunguka tundu
kama zinalinda kitu.
Ndovu mwenyewe hayupo.

Nikauliza kilichotobolewa kilikwenda wapi.
Akacheka, akavua miwani.
Bibi yake, Elsie, alikaa kwenye mashine ya kutoboa
hadi sikio la kushoto likafa.
Vile vidonge vya katikati vilifagiliwa jioni,
vikarudi tanuruni, vikawa shaba tena,
vikawa senti nyingine, nazo zikatobolewa.
Hakuna kilichopotea, akasema. Hata vumbi walilipima.

Mimi nikawaza: babu hakulipwa senti kumi kasoro tundu,
wala karani hakupokea senti kumi na tundu juu yake.
Wote walikubali kwamba hewa ile ni fedha.

Nimesoma usiku, baada ya zamu ya hospitali,
jinsi rupia zilivyolala zikiwa rupia
zikaamka florini, na kabla wino haujakauka, shilingi.
Bodi ilikaa London, wanaume wenye koti zito,
hata mmoja hakuwahi kuchomwa na mwiba wa mkonge.
Kila shilingi iliyotembea Korogwe, ikinuka jasho na samli,
kivuli chake kilibaki huku, kwenye benki,
kimelala juu ya hati za serikali,
kinakula riba.
Mjerumani naye alikwishaondoka na heller yake,
ila sisi mpaka leo tunasema "sina hela",
hata mwenye nazo.

"Bado mnatumia shilingi?" akashangaa.
"Sisi tuliizika mwaka wa sabini na moja.
Nilikuwa na miaka minane, nikalia kwa ajili ya kibubu changu."
Nikamwambia kwetu ingali hai,
imekonda tu.

Bei: pauni moja na nusu. Kwa sababu ni mimi, mbili.
Nauli ya basi imezidi hapo.
Nikairudisha soksini; yeye akanishika mkono kwa muda kidogo
kuliko ilivyolazimu, mkono wenye harufu ya shaba.

Kituoni nilimtumia mama pauni hamsini kwa simu.
Paa la kibanda linavuja tone moja, mahali pamoja.
Skrini ikafikiri, ikazungusha kiduara chake,
ikaniandikia: atapokea shilingi kadhaa.
Chini, kwa maandishi ya kiroboto: makato.

Nilimsikia bibi akinyamaza.
Basi namba nane likapita, limejaa,
nikalitazama kupitia tundu.