Safu ya Kulia

Nje, Kajaani, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Hewa imebanana hadi ina uzito,
na injini huipenda hewa ya namna hii, huilewa,
ila kila funda la ziada hudai petroli yake.

Tauno Hietala kalileta gari juu ya trela:
silinda sita, tatu huku, tatu kule, tabo mbili,
boneti imefungwa kwa kamba ya viatu.
Kiangazi kilichopita pistoni ya tano ilimyeyukia.
Bado anatembea nayo. Anaitoa kwenye koti,
anaiweka mezani karibu na kahawa yangu:
tundu linalopitisha kidole gumba,
kingo zake laini, kama sabuni iliyolowekwa.

"Mita ilisema sawa, Raili."

Ilisema sawa. Mita ilikuwa moja,
na sensa yake ilikaa kule chini mabomba yanapokutana,
moshi wa kushoto na wa kulia umeshaoana,
huwezi tena kuuliza nani katokea wapi.
Kumi na mbili na nusu za hewa kwa moja ya petroli.
Namba nzuri.
Namba ya nyumba yenye watoto wawili,
mmoja kala sahani mbili, mwenzake kalamba mwiko,
na daftari la matumizi limeandika: wamekula.

Basi natoboa.
Tundu kila bomba, kabla ya njia panda.
Sensa mbili. Mita mbili kwenye kioo,
nimezibandika kwa gundi ya karatasi, bega kwa bega.
Magurudumu juu ya rola, feni mbele, mkanda kiunoni.
Gia ya nne. Mguu chini.

Elfu tatu: zinakwenda pamoja.
Elfu nne: ya kulia inaanza kujitenga,
kidogo, kama mtu anayevuta kiti nyuma.
Elfu tano, tabo zimejaa, ukuta unatetemeka:
kushoto kumi na moja na nusu,
kulia kumi na tatu na nusu
— naondoa mguu.

Kimya. Chuma kinapoa, tik, tik.
Jumlisha, gawa kwa mbili, uone.
Ile ile namba nzuri.

"Safu ya kulia alifunga Veikko," anasema Tauno.
Ananiambia kama anayetaja hali ya hewa.
Veikko ni mwanawe. Tangu Agosti hawajasemezana.

Mimi simwamini shahidi kabla sijambadilishia kiti.
Nahamisha sensa, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia,
ninavuta tena. Kiu haikuhama.
Iko kulia, ni ya kweli.
Nafungua vichwa alivyofunga Veikko:
kila nati kwa nguvu yake, kila gasketi mahali pake,
hata alama za rangi nyeupe kazitia, moja moja,
mkono wa kijana mwenye subira.

Nafuata mpira wa petroli kwa vidole, gizani,
nyuma ya injini, chini ya kibao cha betri,
na pale ndipo ninapougusa:
umebonyea kama mrija uliotafunwa.

"Betri hii ilihamishwa lini?"

Tauno anaangalia kahawa.
"Juni," anasema. Halafu, baada ya muda,
"Mimi. Nilitaka uzito urudi nyuma."

Mpira mpya, kona pana. Saa nne za usiku tunavuta tena.
Elfu tatu, nne, tano, sita na mia mbili,
mita mbili zinapanda kama macho ya uso mmoja.
Napiga kelele peke yangu ndani ya kofia.

Yeye hapigi. Amesimama karibu na printa.
Anataka grafu. Si ya sasa tu.
"Na ile ya kwanza," anasema, "yenye mistari miwili."
Nampa zote.
Anaikunja ile mbaya mara nne,
anaitia kwenye koti, pamoja na pistoni,
kisha ananiuliza kama najua
zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mbao
huwa inatoka saa ngapi.