Sikio la Aragatsi

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa.
La Shoghik Bezjyan lilipita:
mita kumi na nane za bati na waya,
limelala chali mlimani Aragatsi
likingoja kuambiwa neno.

Alizaliwa Leninakan, binti wa fundi saa.
Akiwa na miaka sita alitumwa chini ya meza
kuokota skrubu ndogo kama chawa,
na juu ya kichwa chake, ukutani,
saa arobaini za watu zilikuwa zikibishana.
"Chagua moja," baba akamwambia. "Isikilize hiyo tu.
Zilizobaki ni soko."

Hiyo ndiyo elimu. Moscow walimwongezea hesabu.

Nisikudanganye, alikosea pia.
Mwaka wa sabini na tatu alinasa mdundo,
tik, tik, tik, kila alfajiri, upande wa Akrabu.
Akakesha majuma matatu. Akaandika barua kwa wakubwa.
Kisha akakumbuka, akajipiga paji la uso:
nyota huwahi dakika nne kila siku,
na huyu hawahi, huyu anafuata saa ya binadamu.
Kumbe ni plagi ya pikipiki ya Mkrtich,
mchukua maziwa, akipanda mlima na madebe.
Wenzake walicheka hadi wakastaafu.
Yeye alimnunulia Mkrtich plagi mpya
na kumwomba awe anachelewa.

Desemba ya themanini na nane, ardhi ilipotikisika,
alishuka Leninakan kwa lori la mkate.
Alimkuta baba chini ya ukuta wake,
na saa zote arobaini zimesimama saa tano na dakika arobaini na moja,
mara ya kwanza kukubaliana.
Alirudi na moja mkononi. Hakuitia ufunguo.

Nilikuwa na miaka minane gesi ilipokatika.
Umeme ulikuja saa moja kwa siku, au haukuja.
Tulichoma miti ya bustani, tukachoma mbao za sakafu,
kiatu cha babu kilichokosa mwenzake.
Mama alikuwa amejifungua Tatul, wiki ya tatu,
kucha zake za bluu.
Shoghik akagonga mlango amekumbatia mabunda ya karatasi,
mstari mwekundu ukitetemeka maili nzima:
miaka yake yote ya kusikiliza.
"Tuanze na sabini na tatu," alisema. "Ule wa maziwa."
Uliwaka vizuri.

Tulifika themanini na moja kabla ya Februari.
Usiku mmoja akaniazima, mimi na ubao wangu wa kutelezea,
tukavuta betri ya lori hadi kwenye lile sikio.
Chini yetu bonde lote lilikuwa jeusi:
hakuna kiwanda, hakuna televisheni, hakuna basi la umeme.
Miaka ishirini na mitano aliiomba nchi inyamaze kidogo,
nayo sasa imenyamaza, na tazama kwa gharama gani.
Kalamu ikalala. Ikalala. Ikainuka kilima kidogo,
ikashuka, kama mtu aliyevuta pumzi.
Akaniita nikashike karatasi isipeperuke.
Machozi yalimgandia kwenye kola.
"Usimwambie mama yako," alisema,
"kwamba nimefurahi."

Betri ilidumu dakika arobaini.

Ilichapishwa, ndiyo, mistari minne mwishoni mwa jarida.
Umeme uliporudi ulirudi na kelele zake,
na kile kilima hakikuonekana tena.
Alikufa kitandani, saa ya baba kwenye dirisha.

Mimi ni fundi wa lifti mjini Yerevan.
Tatul anauza simu, ana sauti kubwa, ana watoto watatu,
wala hajui ni kundinyota gani lililompa joto.
Mwezi wa tano nilipanda kule kuangalia.
Kondoo wamejificha mvua chini ya sahani,
na mchungaji, kijana, akaniuliza
kama chuma hiki kina mwenyewe.
Nilisema kina.
Akauliza yuko wapi.
Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu,
nikajifanya sikusikia.