Saa ya Silivano

Jumatano asubuhi, soko la Ediofe,
neno lilitufikia likiwa nusu:
Andama hayumo tena.
Hayumo. Nusu ya pili tukaitia wenyewe.

"Amejitoa," akasema muuza betri.
"Kanunuliwa," nikasema mimi,
mimi wakala wake, barua yenye muhuri mfukoni,
nikataja na bei, kana kwamba noti nilizihesabu:
milioni nane na pikipiki.
Nikabandua picha yake mlangoni pa kinyozi,
nikaikunja mara nne,
nikaisukuma chini ya mguu wa meza
iliyokuwa ikiyumba.

Mchana likapita gari la vipaza sauti,
lile lile, dereva yule yule
anayedai mafuta ya wiki mbili,
ila muziki hakuna.
"Silivano Andama, mgombea wa Saa,
amefariki usiku, hospitali ya Kuluva.
Maziko Ijumaa."
Na kwa mazoea ya ulimi akaongeza:
"Saa ni hii!"
Akazima. Tukabaki na injini.

Nikainua meza.

Ayikoru mkewe hakuwa na picha nyingine.
Katika zote mume amefumba macho
au amesimama nyuma ya mtu.
Akaipokea ile na mikunjo yake, hakuuliza,
akainyoosha kwa pasi ya mkaa, akiikwepa midomo,
akakata kwa wembe *Nipe Kura Yako*.
Lakini saa ilikaa karibu mno na shavu,
haikukatika bila kumjeruhi:
mchoraji aliitegesha saa nne na dakika kumi
akaenda zake.

Waliochimba kaburi walivaa fulana zake za njano.
Mpinzani alileta gunia la sukari,
akaketi nyuma, hakuomba kusema,
na alilia, nisimdhulumu,
alilia kunipita.

Kisha karani wa uchaguzi na waraka wake:
kiti hiki hakitapigiwa kura,
uteuzi utarudiwa, tarehe mtatangaziwa.
Makasha yakapakiwa kurudi yalikotoka
na akina Silivano elfu sita ndani,
wanatabasamu gizani,
hata mmoja hajakunjwa.

Siku ya kura Munduru alipanga foleni tangu alfajiri.
Akapewa karatasi tatu. Akazihesabu.
"Na ya nne?"
"Ya nne haipo, mama."
"Ile ya Saa."
"Andama alikufa, mama."
"Nami nilisonga ugali mazikoni, utaniambia?
Kufa najua. Nauliza karatasi."

Karani akatazama rula yake.
Polisi akatazama mti.
Mimi nilikuwa kando ya kamba,
wakala asiye na mtu,
barua bado mfukoni, imeanza kulainika kwa jasho.

Kwa kinyozi meza inayumba hadi leo.
Ananiambia, tia hata kipande cha boksi.
Namwambia kesho.